Mwimbishaji Aliyezima Jenereta

Wapendwa, fungeni vitabu vyenu kidogo, tutavifungua tena. Twendeni pamoja mpaka kwenye kanisa moja la mabati, lililojengwa kando ya mto, mahali ambapo nguzo za umeme huahidiwa kila uchaguzi na hazijafika mpaka leo.

Watu wa kanisa lile walikuwa wachangamfu. Waliimba mpaka misumari ya paa ikalegea. Lakini mto uko jirani, na mto nao una sauti yake, hasa wakati wa masika. Basi wakachanga, wakanunua jenereta, amplifaya, spika mbili zenye kimo cha mtu, na maiki moja ya chuma. Jenereta wakaiweka nje, nyuma ya ukuta wa madhabahu, juu ya majani. Waya ukapitishwa dirishani. Siku ya kwanza iliponguruma, watu walitoa machozi. Hata ng'ambo ya mto walisikika.

Sasa, kanisa lile lilikuwa na desturi yake. Hakuna aliyepanda madhabahuni na viatu. Awe mchungaji, awe mgeni, awe mzee wa miguu ya kuvimba, wote walivua. Mahali patakatifu, walisema, hapakanyagwi na soli. Na kila Jumapili asubuhi akina mama waliideki sakafu ile ya saruji kwa maji ya mto, ikang'aa, na ibada ilipoanza ilikuwa bado ina majimaji.

Miguu mitupu. Sakafu yenye maji. Chuma mdomoni. Mnaanza kuona?

Mtu aliposhika maiki na midomo yake ikagusa kile chuma, alisikia kitu. Kitu kama siafu wa moto, kinaingia mdomoni, kinashuka shingoni, kinatetemesha mkono. Wakakitafutia jina. Wakakiita mguso.

"Umeguswa?" waliulizana ibada ikiisha.

"Nimeguswa, dada! Leo mpaka kwenye kiwiko!"

Na yule ambaye hakuguswa alikwenda kufunga na kuomba.

Subirini, msicheke. Hamjasikia la shemasi. Fundi aliyewauzia vile vyombo alikuwa amefunga kisanduku kidogo cha breka karibu na jenereta. Akawaambia, "Hiki kisiguswe. Umeme ukianza kupita pasipo pake, ukaingia kwenye mwili wa mtu, hiki kitakata kabla hujasema aah." Wakaitikia amina. Lakini breka ile ikawa inakata katikati ya pambio! Watu wako juu, mikono iko juu, mara tap, kimya. Shemasi wa vyombo akaikemea. Ikawashwa, ikakata. Akaipaka mafuta. Ikakata. Mwisho akachukua koleo, akaunganisha waya kwa waya, akairuka breka kama mtu anavyoruka mtaro. Tangu siku ile umeme haukukatika tena, na shemasi akasimama mbele ya kanisa akatangaza, "Shetani wa kukata umeme amefungwa!" Wakapiga makofi.

Plagi ya amplifaya nayo ilikuwa na meno matatu, lakini ile soketi ya waya mrefu waliyokuwa nayo ilikuwa na matundu mawili. Shemasi akalikata kwa msumeno lile jino refu, ndilo linalopeleka ardhini umeme unaovuja. Likaingia vizuri kabisa.

Mwimbishaji wao alikuwa mama mmoja mkaanga mihogo. Sokoni anageuza mihogo kwenye karai, kanisani anaongoza nyimbo, na kote kuwili sauti ni ileile. Yeye ndiye aliyekuwa anaguswa kuliko wote. Midomo yake ilikuwa inakufa ganzi mpaka jioni, na alijivunia. Ungemwambia ule ni umeme, angekuombea.

Mumewe alikuwa mchimba mchanga mtoni, mtu wa mizaha. Jumapili jenereta ikianza, yeye yuko kwenye mchanga na wenzake wanapakia lori, anapaza sauti, "Sikieni! Mungu wao ameshajazwa petroli!" Ikizimwa, "Basi, ameondoka. Limebaki tangi." Mkewe akirudi nyumbani anaulizwa, "Mke wangu, leo amekunywa lita ngapi?" Naye anabandika ugali, anamwombea kimoyomoyo huku anasonga.

Mpaka siku ukingo wa mto ulipomwangukia, ukamfunika mpaka kifuani. Masepetu yao yalifukiwa pamoja naye, wenzake wakakimbilia barabarani kutafuta mengine. Waliomfukua ni wanakwaya waliokuwa mazoezini, mkewe mmoja wao, wakiwa na sufuria, na vibao, na kucha zao. Walipomtoa alikaa chini akawatazama mikono yao inayovuja damu, mtu wa mizaha, akakosa mzaha hata mmoja.

Jioni ile akamwambia mkewe, "Nitabatizwa. Na nikitoka majini nitashika ile maiki yenu, niseme."

"Si lazima useme kwa maiki, baba."

"Ni lazima. Niliwacheka kwa sauti kubwa. Siwezi kuomba radhi kwa sauti ndogo."

Mwimbishaji alikwenda nyuma ya nyumba akalia kwa furaha. Miaka yote ile alikuwa amengoja neno hilo.

Basi wiki ileile ya ubatizo, mama huyu akakanyaga msumari sokoni. Muuguzi akamfunga kitambaa, akamwonya kidonda kisiguse maji. Ikafika siku ya mazoezi. Sakafu imedekiwa. Afanyeje? Akapanda madhabahuni na ndala zake za mpira. Wanakwaya wakaguna, mmoja akasema, "Leo tutaimba na ndala za chooni," wakacheka. Mwimbishaji akashika maiki, akafungua wimbo, midomo ikagusa chuma.

Hakuna kitu.

Akaimba ubeti wa pili. Hakuna kitu. Akawaza, nimefanya dhambi gani? Nimemkosea nani? Wanakwaya walipoona uso wake umebadilika wakaanza kunong'ona, "Ameondokewa." Akafumba macho aombe, na katika kuomba, bila kufikiri, akachomoa mguu ule mzima kwenye ndala na kukanyaga saruji.

Siafu wakarudi! Mdomoni, shingoni, mkononi.

Akarudisha mguu ndani ya ndala. Wakaondoka. Akavua, wakarudi. Akavaa, wakaondoka. Akavua, akavaa, akavua, akavaa, na wimbo umemkatikia mdomoni, na kwaya nzima inamtazama mtu anayecheza na kiatu mbele za Mungu.

Ndugu zangu, mnajua kinachotokea ndani ya mtu, jambo alilolishukuru kwa machozi linapomgeukia na kumwonyesha uso wake? Hakupiga kelele. Aliiweka maiki chini taratibu kama mtu anayeweka nyoka, akamwendea shemasi.

"Shemasi, kile kinachotugusa si Roho."

"Dada, usimjaribu Bwana."

"Simjaribu Bwana. Nimejaribu ndala."

"Unasemaje?"

"Nikivaa, hakipiti. Nikivua, kinapita. Niambie, shemasi, Roho gani anazuiwa na ndala?"

Shemasi alicheka, kisha akaona hacheki peke yake, kwaya nayo inacheka, akakasirika. "Kidonda kimekupanda kichwani. Nenda kapumzike. Jumapili tuna ubatizo, hatutaki maneno."

Jumapili ilikuja na mvua yake. Ilinyesha tangu asubuhi ikakatika watu walipokuwa wanashuka mtoni. Majani nyuma ya kanisa yamelala, waya wa jenereta umelala nao, ndani ya dimbwi. Kule mtoni wabatizwa wamepanga mstari na mashuka yao meupe, na wa kwanza ni nani? Mume wa mwimbishaji. Desturi yao ilikuwa hivi: ukitoka majini hujifuti. Unakwenda vilevile, maji yanachuruzika, miguu mitupu, moja kwa moja madhabahuni, unashika maiki, unatoa ushuhuda. Maji ya ubatizo, walisema, hayafutwi na taulo.

Mwimbishaji akamfuata mchungaji pale pale ukingoni, kabla hajaingia majini.

"Mtumishi, nakuomba. Leo watu hawa wasishike maiki."

"Kwa nini?"

"Ina umeme. Sisi tunaishika tukiwa wakavu, inatutetemesha. Wao watakuwa wamelowa kichwa mpaka kidole. Itawashika isiwaachie."

Mchungaji akamtazama kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko ukali. "Binti yangu, umemwombea mumeo miaka yote hii. Leo amefika mlangoni, na wewe unasimama mlangoni?"

"Ndiyo, mtumishi. Leo nitasimama."

"Usiruhusu hofu ikutume."

"Si hofu inayonituma."

Lakini mchungaji alikwisha kuingia majini, na kwaya, bila mwimbishaji, ikaanza wimbo kwa sauti isiyo na mwenyewe.

Mama akageuka. Akapandisha kilima huku anachechemea. Nyuma yake alisikia maji yakipasuka, akasikia watu wakishangilia, akajua mumewe ameibuka. Angekuwa pale kumwona. Alikuwa ameingoja saa ile kuliko saa yoyote ya maisha yake, na saa ile ikampita akiwa amewapa mgongo, anatazama majani, anatafuta pa kukanyaga pasipo na maji. Akaifikia jenereta inanguruma. Akanyoosha mkono kwenye swichi.

Akaizima.

Kimya kile, wapendwa! Mto ukarudi na sauti yake. Spika zikakoroma zikafa. Na kanisa zima, lililokuwa limeanza kupanda kutoka mtoni kwa shangwe, likaja mbio nyuma ya ukuta.

"Nani amezima?" shemasi anahema.

"Mimi."

"Pisha niwashe."

"Sipishi."

"Mama, pisha!"

"Ukitaka kuiwasha, nisogeze kwa mikono yako."

Akasimama mbele ya ile kamba ya kuwashia, ndala miguuni, mikono kiunoni. Na nani angemsogeza? Nani angemshika mke wa mtu mbele ya watu, na mwenye mke yule pale, amesimama, anachuruzika maji, ana mabega ya kubeba mchanga?

Wanawake wakapiga kelele, "Ana pepo! Mshikeni!" Mwingine, "Ni wivu! Hataki mumewe aokoke amzidi!" Wanakwaya wenzake, waliokula naye, waliomfukua mumewe pamoja naye, walimzomea. Shemasi akamgeukia mume. "Ndugu, mwambie mkeo. Anakuharibia siku."

Mchimba mchanga akamtazama mkewe. Alimjua. Alimjua akiwa na hasira, akiwa na njaa, akiwa na uchungu wa kuzaa. Hakuwahi kumwona akitetemeka namna ile na bado amesimama.

"Una nini, mama?"

"Ile maiki itakuua."

Hakusema zaidi ya hapo, na wala mume hakuuliza zaidi ya hapo. Akapangusa maji usoni, kinyume cha desturi, akawageukia watu.

"Mimi nawaita madereva wa malori kutoka chini kule mpaka barabarani," akasema. "Maiki ya nini? Sogeeni."

Akawaomba radhi pale pale kwenye majani, kwa sauti yake mwenyewe, na hakuna aliyesema hakusikia. Alipomaliza, walipiga makofi kwa ajili yake. Kwa mkewe hakuna aliyepiga.

Wiki ile wazee wa kanisa wakamwita mwimbishaji. Wakamwambia, "Utatubu mbele ya kanisa, kisha utarudi kuimba."

"Nitubu nini, wazee wangu?"

"Kumzuia Roho. Kuvuruga ubatizo. Na kwa jambo la bure kabisa, dada, kwa sababu hakuna aliyekufa."

Mama akawatazama mmoja mmoja.

"Hakuna aliyekufa," akasema, "ndiyo kazi niliyoifanya."

Wakamvua uongozi wa nyimbo. Wakamketisha benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali wanapokaa wenye makosa.

Mfano wangu unaishia hapo.

Ndiyo, hapo. Naziona nyuso zenu! Mnangoja. Mlitaka Jumapili iliyofuata shemasi ashike maiki, akauke kama kuni, aanguke, ndipo mseme, "Kumbe yule mama alikuwa kweli." Semeni ukweli, mko kanisani. Mlikuwa mnangoja maiti. Bila maiti hamjui mumwamini nani.

Na mimi siwapi. Nakataa. Kwa nini sisi tunadai jeneza ndipo tusadiki onyo? Mtu akizuia msiba, ana nini cha kutuonyesha? Ana mume aliyerudi nyumbani akala, akalala, akaamka. Nani hupigia hilo makofi? Nani amewahi kumtolea Mungu shukrani kwa ajali ambayo haikutokea, akamtaja kwa jina yule mama aliyeizuia?

Tazameni watu wale walivyoyapindua. Kile kilichokuwa kinawalinda, kile kisanduku kinachokata, walikiita shetani wakamfunga. Kile kilichokuwa kinawaua polepole, walikiita Roho wakamfungia saumu. Na hawakuwa watu wabaya! Walikuwa watu wenye bidii. Bidii yao ndiyo iliyodeki sakafu, bidii yao ndiyo iliyovua viatu, bidii yao ndiyo iliyokata lile jino la tatu.

Sisi je? Nani kati yetu anaumwa na kitu kila siku, naye amefundishwa kukiita baraka? Yuko dada hapa anayepigwa nyumbani kwake akaambiwa na sisi, na sisi, kwamba huo ni msalaba wake. Yuko baba anayechimba shimoni bila nguzo za kushikilia udongo, kwa sababu wenzake wamemwambia mwanamume haogopi. Jaribuni ndala, ndugu zangu! Liwekeni jambo lenu kwenye jaribio dogo, la kawaida, la mpira. Likiwa la Mungu, halitazuiwa na ndala. Likizuiwa, limejitaja jina lake.

Na asitoke mtu hapa akisema mchungaji wenu alikuwa anazungumza mambo ya rohoni tu. Mwili huu ni maji na chumvi, na umeme hauulizi dhehebu. Jenereta yetu inanguruma hapo nje sasa hivi, mnaisikia. Kesho fundi anakuja. Plagi yenye meno matatu itabaki na meno yake, na itapata soketi yenye matundu matatu. Breka ikikata, hakuna wa kuikemea. Tutazima, tutatafuta kinachovuja. Waya uliochubuka hatuufungi kwa mfuko wa nailoni, tunautupa. Mvua ikinyesha, jenereta itasimama mahali pakavu penye paa, nje, mbali na madirisha, maana moshi wake nao unaua. Na mtu aliyelowa, awe ametoka kwenye maji matakatifu kuliko yote duniani, ajifute, avae viatu, ndipo ashike. Anayeona hilo ni kumpunguzia Mungu utukufu, aje tuzungumze, nitampokea nikiwa nimevaa viatu.

Mwisho, nina neno kwa mtu mmoja. Sijui umekaa benchi gani. Wewe uliyeona, ukasema hapana, wakakucheka. Ukasimama mbele ya kamba yao, wakakuita mwenye pepo. Na kwa kuwa hakuna aliyekufa, leo wanakudai uombe msamaha. Miaka yote niliyosimama hapa nimewaambia watu tubuni, na nitaendelea kuwaambia. Lakini wewe, kwa jambo hilo, mbele ya kanisa hili lote, nakuambia kwa sauti yangu yote:

Usitubu.